Mbio Mbili katika Filamu Kuhle Wampe

Filamu Kuhle Wampe, iliyoongozwa na Slatan Dudow na kuonyeshwa Berlin mwaka 1932, husifiwa kwa jinsi inavyosawiri ukosefu wa kazi. Lakini ndani yake mna swali jingine: je, jamii ya kikomunisti inaweza kuyahifadhi mashindano?

Mwanzoni vijana wasio na ajira wanakimbiza baiskeli kutoka kiwanda hadi kiwanda. Hayo ni mashindano yasiyo na mshindi: mmoja wao anarudi nyumbani, anavua saa yake, anajitupa dirishani. Baadaye, katika sikukuu ya michezo ya wafanyakazi, magurudumu yanazunguka tena, safari hii ya pikipiki, na makasia yanapiga maji. Waandishi Bertolt Brecht na Ernst Ottwalt wanataka mtazamaji aione tofauti: kule watu waligombania mkate, huku wanajifunza kuungana.

Hoja hiyo ni nzuri, ila imefika nusu ya njia. Filamu inaonyesha ni nani wanaoshindana. Haiulizi ushindi ni mali ya nani. Historia iliuliza. Katika Ujerumani ya Mashariki, dola iliyojiita ya wafanyakazi, mpango wa siri wa mwaka 1974 uliratibu utoaji wa dawa za kuongeza nguvu kwa wanamichezo, wengine wakiwa watoto. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa kiongozi wa michezo nchini humo.

Basi kosa halimo katika mbio zenyewe, bali katika kunyamaza juu ya anayenufaika nazo. Kimya hicho ndicho udhaifu wa filamu hii, na ndicho kinachodai itazamwe upya.