Wimbo ni Tanga, Kikundi ni Mlingoti

Maji ya bamvua yakitoka Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo ukishaipita Kaole, wanawake hushuka na kamba zao kwenye mashamba ya mwani. Kazi yenyewe ni ya kuinama muda mrefu, na kazi ya namna hiyo haiendi bila wimbo. Mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia bila kuinua vichwa. Mwanzishaji ana ruhusa ya kubadili maneno kila apumuapo: leo anamsema mume asiyeleta hata chumvi nyumbani, kesho mnunuzi ambaye mizani yake haipandi. Waitikiaji hawabadili kitu. Wanangoja zamu yao, wanaliweka neno lao palepale. Mtu mmoja amesema, watu ishirini wamethibitisha.

Safu ya leo inauchambua utaratibu huo mdogo, kwa sababu mwaka 1955 ulisaidia kukijaza watu chama cha siasa. Tumezoea kusikia kwamba nyimbo zilichangia kupigania haki na uhuru. Ni kweli, ila kauli hiyo haimfundishi mtu kitu. Zilichangia vipi? Kwa utamu wa sauti? Kwa ukali wa maneno? Naona maneno yalibeba sehemu ndogo ya mzigo. Sehemu kubwa ilibebwa na kikundi kilichoimba: orodha yake ya watu, mfuko wake, sare yake, siku zake za kukutana na desturi yake ya kuitikiana. Jina la Mlingotini linatukumbusha chombo cha baharini. Tanga ndilo linaloonekana kwa mbali, lakini pasipo mlingoti tanga ni kitambaa.

Chama chenye mikono iliyofungwa

Chama hicho, TANU (Tanganyika African National Union), kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Waingereza, na mwenyeji wake hakuwa raia wa popote kwa maana kamili ya neno. Haki ambazo leo tunaziita za kiraia, yaani kukutana, kusema na kuchagua, zilitolewa kwa kibali. Waraka wa serikali wa 1953 uliwazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Sheria ya vyama ya 1954 ikataka kila tawi liandikishwe. Kwa hiyo karani na mwalimu, watu wenye kalamu, ndio waliokuwa na la kupoteza wakikutwa na kadi ya chama.

Wanawake wa mitaa ya Dar es Salaam hawakuwa kwenye daftari la mishahara la mtu yeyote. Muuza vitumbua, mpika pombe na mama wa nyumbani hawakuwa na ajira serikalini ya kufukuzwa. Sheria ilikuwa imeacha mlango wazi bila kujua, na chama nacho hakikuuona upesi. Katikati ya 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Jibu halikuwapo.

Aliyeleta jibu ni Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akiwa na mwenzake Tatu binti Mzee. Bibi Titi hakuwa na shahada wala cheo. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Oscar Kambona, kiongozi wa TANU, aliandika barua kwenda London kuwaarifu jamaa wa Fabian, wanasoshalisti wa Kiingereza, kwamba mwanamke huyo ameandikisha wanawake 5,000 katika muda wa miezi mitatu. Ili kuipima hesabu hiyo, kumbuka kwamba sensa ya 1957 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 128,000, watoto na wazee wakiwamo, wa rangi zote.

Kwa kubisha hodi nyumba moja moja, idadi hiyo haifikiwi kwa miezi mitatu. Bibi Titi alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma.

Chombo kilichokwisha undwa

Tangu miaka ya 1890 pwani yetu ilikuwa na ngoma ya beni, na pamoja nayo vyama vya kushindana. Marini na Arinoti vilijulikana kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na bara. Vilikuwa na kingi, majenerali na makapteni wao, michango, barua za mialiko na namna ya kumpokea mwanachama aliyehamia mji mgeni. Watawala walicheka mwanzoni, wakidhani ni watu wanaoiga gwaride. Mwaka 1935 wachimba migodi wa shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma, tume ya uchunguzi ilijikuta ikiuliza maswali kuhusu vyama vya mbeni, yaani beni ya huko, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa na njia za kupelekeana habari.

Wanawake walikuwa na vyombo vyao, hasa ngoma ya lelemama. Kikundi cha lelemama kilikuwa na mwenyekiti anayesikilizwa, mtu wa kushika fedha, mtu wa kupita kuwaita wenzake, na kanga za sare zilizonunuliwa kwa mchango. Mwenzao akifiwa walikwenda pamoja. Mwenzao akioza binti walipika pamoja. Vikundi vya mjini havikufuata kabila. Vilifuata mtaa, urafiki na ushindani, na lugha yao ilikuwa Kiswahili.

Sasa weka kando ngoma yenyewe utazame mifupa. Chama cha siasa kinahitaji daftari la wanachama, mfuko, wajumbe wa kupeleka habari, alama ya kutambuana na kiongozi ambaye neno lake halirudi. Vyote hivyo vilikuwapo tayari. Kumpata kiongozi mmoja wa kikundi kulikuwa kukipata kikundi kizima, na kuwakalisha viongozi kumi kwenye mkeka mmoja kulikuwa kuwafikia mamia ya wanawake kabla ya jua kuchwa. Bibi Titi hakuunda chombo kipya. Alipanda kilichokuwa majini, akakigeuza kichwa.

Kiitikio kinavyofanya kazi

Tuingie kwenye ufundi wa wimbo wenyewe, kwa mfano niliojitungia kwa ajili ya safu hii. Kiitikio kiwe: mkeka umechakaa. Tuko harusini. Mwanzishaji anaimba habari za mgeni aliyeomba kulala siku moja, wanaitikia: mkeka umechakaa. Anaimba kwamba mgeni kaumaliza mchele: mkeka umechakaa. Anaimba kwamba mgeni sasa ndiye anayewagawia wenyeji vyumba: mkeka umechakaa. Watu wanacheka. Gavana hajatajwa.

Hapo mambo manne yamefanyika kwa pamoja. La kwanza ni kumbukumbu. Muitikiaji anajifunza maneno mawili tu, na hahitaji kujua kusoma. Kipeperushi kinakwisha kwa kunyeshewa. Kiitikio mtu anakwenda nacho nyumbani na kukirudia akipepeta mchele.

La pili ni ridhaa ya hadharani. Msikilizaji wa hotuba anaweza kukaa kimya, akaondoka na siri yake. Muitikiaji amesema kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya majirani, tena mara ishirini. Baada ya hapo kununua kadi si hatua kubwa, kwa kuwa neno lilishatoka.

La tatu ni kinga. Askari akiuliza nani amesema, wamesema wote na hakuna aliyesema. Mwanzishaji alikuwa akimwimba mgeni tu, na waitikiaji walikuwa wakizungumzia mkeka.

La nne ni usukani. Beti hazikuandikwa popote. Akitokea uso usiojulikana mlangoni, mwanzishaji anarudi kwa bibi harusi bila kukata wimbo. Ngoma inamsaidia pia: chapuo likiendelea kushika mwendo, sogora akishusha ngoma kubwa unabaki uwazi mdogo ambamo sauti moja inasikika kwa wote. Neno la kutangaza linaingia hapo, kisha ngoma inalifunika.

Mbinu hii isingefaa kitu kama wasikilizaji hawakuwa wameshafunzwa kusikiliza kwa masikio mawili. Pwani fumbo ni elimu ya kila siku: kanga inasema, kisonyo kinasema, taarab inasema. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na miongoni mwa nyimbo zake zilikuwamo zinazozungumzia mashauri ya mahakamani na haki iliyopinda. Zilipopigwa kwenye mabaraza ya mwambao, watu walizoea jambo moja: wimbo unaweza kuwa habari, na habari inaweza kuwa hukumu. Methali ya mgeni anayepewa jembe siku ya tatu ilikuwa imekwisha fanya nusu ya kazi. Mwanzishaji aliiongezea mdundo.

Na tusiisahau fedha. Katika taarab, mtu akiguswa na ubeti huinuka kwenda kutunza, noti ikionekana mkononi, na ukumbi mzima unaelewa ameguswa na nini. Watu waliolelewa katika desturi hiyo hawakuona ajabu kutoa mchango wa chama mbele za watu. Kutoa hadharani kulikuwa sehemu ya kusema.

Upande wa Bagamoyo

Bagamoyo ilikuwa na mtandao mwingine wa sauti, ingawa wenyewe hawauiti muziki, na ni haki yao. Ni zikri ya tarika ya Qadiriyya. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa tarika hiyo mpaka alipofariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alirithi nafasi hiyo na baadaye akaiunga mkono TANU. Muridi hukutana kwa siku maalumu, husoma pamoja kwa pumzi moja, na kwenye ziara ya mwaka hujikusanya kutoka mbali. Kiongozi wa jamaa kama hiyo akisema neno, halihitaji gazeti. Maudhui ya zikri na ya lelemama yako mbalimbali kama ardhi na mbingu, lakini mifupa inafanana: watu waliozoea kujibu kwa pamoja tayari wanajuana.

Ng'ambo ya bahari, mwaka uleule wa 1955, wanawake wa Montgomery, Alabama, walifanya jambo la jamaa moja na la Bibi Titi bila kusikia habari za Dar es Salaam. Jo Ann Robinson na wenzake wa Women's Political Council walichapa vipeperushi usiku kucha, na tarehe 5 Desemba Wamarekani Weusi wakaacha kupanda mabasi yaliyowabagua. Mgomo ulidumu siku 381. Vipeperushi viliita watu, makanisa yakawashikilia: mikutano ya usiku ilijaa nyimbo ambazo kila mtu alizijua tangu utotoni, kiongozi akianza na waumini wakijibu. Miaka michache baadaye, huko Albany, Georgia, Bernice Johnson Reagon na vijana wenzake wa Freedom Singers walibadili neno moja la wimbo wa kanisani na kuacha mengine yalivyo, wakawa na wimbo mpya ambao umati ulikuwa umeshaujua. Kule kanisa, huku lelemama. Ufundi ni uleule.

Pale chombo kilipopinduka

Uchambuzi usioonyesha ufa ni sifa tupu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo. Wengi wa wanawake waliokijaza chama kwa nyimbo hawakuruhusiwa kuchagua. Walikuwa wamesaidia kufungua mlango ambao wao walibaki nje yake.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, kiitikio kilikumbana na tatizo lake mwenyewe: hakichagui bwana. Ridhaa ya hadharani iliyomsuta mgeni inaweza pia kumsifu mwenyeji. Mwaka 1962 iliundwa wizara ya utamaduni, na vikundi vya ngoma vikaanza kupangwa kwenye mapokezi na sherehe za taifa. Aliyekuwa akitunga papo hapo kwa kuwasoma watu wake sasa alipewa ujumbe kutoka ofisini. Bibi Titi mwenyewe alikamatwa mwaka 1969 kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na leo kinaitwa TaSUBa, kimetoa masogora hodari, na sina ugomvi nacho. Lakini shule inafundisha kupiga. Haifundishi, wala haiwezi kufundisha, kuwa na majirani watakaokuja msibani kwako. Ndiyo maana kampeni nyingi za siku hizi za kutetea haki hupotea hewani: msanii maarufu analipwa, wimbo unapigwa redioni, tanga linajaa upepo. Nani ameitikia? Nani ameshika daftari? Kesho watakutana wapi?

Maji yakianza kujaa, wanawake wa mwani hubeba mizigo yao kurudi ufukweni, na mnunuzi anangoja na mizani yake. Ubeti uliomsema nimeusikia, na ni mtamu. Lakini nikitaka kujua kama una nguvu, naacha kusikiliza. Natazama kama wanamwendea mmoja mmoja, au wote kwa pamoja.