Viatu vya Theluji au Ndara za Theluji? Uhakiki wa Istilahi Moja Ufukweni mwa Ujiji

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi moja ndogo, "viatu vya theluji", ambayo aliyeifasiri ndiye huyu anayeandika hapa. Niliitumia katika kifungu kifupi cha mazoezi ya ufahamu kwa shule za msingi. Katika kifungu hicho mtu anasimulia jinsi alivyoshiriki kwa mara ya kwanza mbio za nchi za baridi, ambazo wakimbiaji hufunga chini ya miguu yao fremu pana zenye wavu ili wapite juu ya theluji bila ya kudidimia. Wakati ule sikuona shida yoyote. Kiatu ni kiatu, theluji ni theluji, na kiunganishi kipo. Ilinichukua safari ya Kigoma kutambua kwamba maneno matatu yaliyo sahihi moja moja yaweza kuzaa istilahi isiyo sahihi.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa shughuli ya semina ya walimu. Jioni moja mwalimu wa shule iliyoko Ujiji alinijia na madaftari ya wanafunzi wake wa darasa la sita, akaniambia kwa upole, "Ndugu, kifungu chako kimewaangusha watoto wangu." Swali lilikuwa: kwa nini mkimbiaji alivaa viatu vya theluji? Mtoto mmoja alikuwa amejibu, "Ili miguu isipate baridi, na ili asiteleze." Zaidi ya nusu ya darasa walijibu vivyo hivyo. Mwongozo wa kusahihisha ulitaka wajibu, "Ili asididimie." Mwalimu, akiufuata mwongozo, aliwanyima alama wote wale, kisha dhamiri ikamsuta.

Hebu tuyapime majibu ya watoto wale kwa haki. Mtu akisikia "viatu vya mvua" hufikiri viatu vinavyozuia maji. Akisikia "viatu vya kazi" hufikiri viatu vya kulinda mguu. Basi "viatu vya theluji" vitakuwa nini, ila viatu vizito vya kuukinga mguu na baridi? Viatu vya namna hiyo vipo kweli, na hilo ndilo jina linalovifaa. Mtoto alilisoma neno kama Kiswahili kinavyomtaka alisome. Kosa ni la mfasiri.

Jibu la kuteleza nalo lina asili yake. Mtoto wa Ujiji hajapata kuona theluji, lakini barafu anaijua sana, kwa maana huiona katika biashara ya samaki, ikiwa vipande vigumu vinavyoteleza mkononi. Nasi wafasiri na waandishi wa vitabu, aghalabu tunapotaka kueleza theluji, husema ni "aina ya barafu". Maneno haya mawili yamechanganyika tangu zamani. Barafu ni neno lililotoka katika Kiajemi, na huko maana yake hasa ni theluji. Theluji latokana na Kiarabu, ambako neno lake la asili hutumika pia kwa barafu. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule "baridi" tu. Bwana yule alitaja kile alichokifahamu kwa mwili wake. Kama ningalimweleza mtoto wa Ujiji kwamba theluji huanguka laini na kulundikana kama unga wa muhogo uliomwagwa, huenda angalijibu swali lile bila ya msaada wa mtu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo si langu peke yangu. Takribani kila mchezo wa nchi za baridi tunautia katika kapu moja la "kuteleza kwenye theluji". Anayeshuka mlima kwa mbao mbili anateleza. Anayezunguka uwanja wa barafu kwa viatu vyenye vyuma anateleza. Anayekimbia kwa fremu za wavu naye tunaambiwa anateleza. Katika Kiswahili, kuteleza ni kupoteza mshiko wa mguu bila ya kukusudia. Ndiyo maana twasema ulimi hauna mfupa, na aliyekosea kusema twasema ameteleza ulimi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa mita 800 aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii, akashiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, katika nafasi ya 92, dakika 20 hivi baada ya Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda. Dæhlie alimngoja kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Sasa mwandishi akiandika kwamba "Boit aliteleza kilomita 10", msomaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba bwana yule alianguka tangu mwanzo hadi mwisho. Juhudi yote ya mtu aliyejifunza mwendo mpya ukubwani imegeuzwa kuwa ajali, na aliyeigeuza ni kitenzi kimoja.

Tulipokuwa tukiyajadili haya, mwalimu yule alitoa shauri ambalo kwanza nililicheka. Alisema, "Tusibishane juu ya kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekifunga mguuni. Tukitengeneze." Kesho yake tulikata fito, tukazikunja na kuzifunga ncha, tukatandika ndani yake vipande vya nyavu chakavu tulivyopewa na wavuvi. Kila fremu ilikuwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 20 hivi. Tuliifunga chini ya raba zetu kwa mipira ya tyubu, mbele na nyuma, tukaenda penye mchanga mkavu ulio mlaini, juu kidogo ya pale kina mama wanapoanika dagaa.

Sidai kwamba mchanga ni theluji. Mchanga ni mzito, haugandi, wala hauna baridi. Tulichotaka kupima ni maneno. Hata hivyo hesabu yake haikutupinga. Unyayo wa mtu mzima, ukikadiriwa sentimita 25 kwa 8, una eneo la sentimita za mraba 200. Fremu zetu zilikuwa na eneo kama mara tano ya hilo. Uzito wa mwili ni ule ule, lakini umetawanywa, kwa hiyo mguu hauzami sana. Hilo ndilo jambo ambalo kifungu changu kilipaswa kulisema, na ambalo jina la kitu lilipaswa kulidokeza.

Tulishindana hatua hamsini. Nilianguka katika hatua ya nne, kwa kuwa fremu ya kulia iliikanyaga ya kushoto. Niliinuka, nikatanua mwendo kama mtu aliyepanda punda, nikaanguka tena. Safari hii kisigino kilikuwa kimefungwa kwenye fremu, na kila nilipouinua mguu niliibeba fremu nzima pamoja na mchanga wake. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alitutazama kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, mnacheza au mna kazi?" Nikamwamkia na kumweleza. Akasema, "Hicho kisigino kifungueni. Mtu hakimbii na kisigino kilichofungwa. Fungeni mbele tu, kama ndala."

Tulifungua visigino, nasi tukakimbia. Mwendo ulikuwa mbaya, lakini ulikuwa wa mbio. Baadaye nilihakikisha kwamba fremu halisi za nchi za baridi zimetengenezwa vivyo hivyo. Za zamani zilikuwa za mti uliokunjwa na kusukwa kwa ngozi, za sasa aghalabu ni za alumini na plastiki, zenye meno chini ya kushika theluji ngumu. Lakini zote hufungwa penye vidole, na kisigino huachwa huru kiinuke. Mzee yule hakuwa ameona hata picha yake.

Kwa hiyo naleta mbele ya wasomaji istilahi ya "ndara za theluji". Ndara, au ndala kama wengi wanavyotamka, lina sifa mbili ambazo "kiatu" halina. Kwanza, ndara hukaa chini ya mguu na haiufuniki. Pili, hushikwa mbele, na kisigino huinuka. Mchezo wenyewe utaitwa "mbio za ndara za theluji". Mchezo huu haumo katika Olimpiki ya majira ya baridi, lakini umo katika michezo ya dunia ya majira ya baridi ya Olimpiki Maalumu, ya wanamichezo wenye ulemavu wa akili. Kwa sababu hiyo mfasiri wa habari za michezo aweza kukutana nao wakati wowote, na asidhani kwamba suala hili ni la kitabu kimoja cha shule.

Pingamizi zipo, nami nitazitaja mbili. Ya kwanza ni kwamba msomaji atadhani mtu anakwenda peku katika theluji akiwa na kandambili. Pingamizi hii ina nguvu, na dawa yake imo katika kitenzi. Tusiseme "alivaa ndara za theluji", bali "alifunga ndara za theluji chini ya viatu vyake". Kitenzi "funga" chaonyesha kwamba kitu kimeongezwa juu ya kiatu kilichokwisha kuvaliwa. Kifungu changu kilitumia "alivaa", na hapo ndipo kosa la jina lilipozidishwa na kosa la kitenzi.

Ya pili ni ya wale wanaopenda tukope neno la Kiingereza na kulipa sauti za Kiswahili. Mimi si adui wa kukopa. Wavuvi wa Kigoma walizoea kuvua dagaa kwa karabai usiku usio na mbalamwezi, na karabai ni neno la kukopa ambalo hakuna anayeuliza maana yake. Lakini karabai ilifika ziwani pamoja na jina lake; mtu aliishika, akaiwasha, akaunguza kidole. Kitu chenyewe kililieleza neno. Fremu za theluji hazitarajiwi kufika Ujiji, hivyo neno la kukopa litafika peke yake, bila ya kitu cha kulieleza. Rai yangu ni kwamba kitu kinachokuja kwetu chaweza kuja na jina lake, lakini kitu kinachobaki kwao kipewe jina linalojieleza. Kwa skii hali ni tofauti kidogo. Mchezo huo umekwisha kupata Mwafrika Mashariki aliyeushindania mbele ya dunia, na jina limemfuata. Skii libaki, na kitenzi chake kiwe "kwenda kwa skii" au "kukimbia kwa skii". "Kuteleza" tukirudishie maana yake.

Nimemwandikia mwalimu yule kwamba majibu ya wanafunzi wake yapewe alama kamili, kwa kuwa waliisoma vema lugha niliyowaandikia vibaya. Kifungu nacho nakirekebisha. Walimu, wafasiri na maofisa watakaokutana na istilahi ya "ndara za theluji" wanaombwa waijaribu kwa msomaji asiyejua kitu chenyewe, kisha watuletee jibu alilolitoa. Jibu hilo, hata likiwa la kuikataa, litatufaa kuliko sifa.