Mzigo wa Kwenda Ujiji

Henry Morton Stanley alipokuwa akijiandaa kutoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, mizigo aliyokusanya ilifika karibu paundi 11,000, yaani kama tani 5. Mpagazi mmoja alipangiwa paundi 70, ambazo ni kilo 32 hivi, kwa hiyo zilihitajika nguvu za watu zaidi ya 150. Sehemu kubwa ya shehena ile haikuwa chakula wala mahema. Ilikuwa majora ya nguo, shanga na nyaya: fedha za njiani. Huko bara chakula kilinunuliwa kwa shanga, na hongo ya watemi ililipwa kwa nguo. Fedha ya safari ilikuwa na uzito, na uzito huo uliwalalia watu wengine vichwani na mabegani.

Siku hizi mtu anaweza kuifuata njia ile ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, mahali kwa miguu, mahali kwa basi, mahali kwa treni ya Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, akaingia Ujiji na vitu vyake vyote vya mwezi mzima viko mgongoni, kilo 7 bila maji. Fedha zimehamia kwenye simu tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, na simu hiyo hiyo ni ramani, tochi, saa na maktaba. Lakini simu peke yake haimpunguzii mtu mzigo. Nimekaa kwenye mabehewa na watu wenye simu nzuri kuliko yangu, wamezungukwa na masanduku wasiyoweza kuyashusha bila kuita kuli.

Kinachopunguza mzigo ni kuijua njia. Anayejua kwamba Tabora kuna soko kubwa habebi sabuni ya mwezi mzima. Anayejua kwamba kwenye baraza za maduka ya kila mji kuna fundi cherehani habebi suruali ya tatu kwa hofu kwamba ya kwanza itachanika. Asiyejua hubeba kila kitu, kwa sababu kwake kila kitu huenda kikahitajika. Ukimfungulia mtu begi lake unaziona hofu zake zimekunjwa na kupangwa: mvua isiyo ya msimu huu, njaa katika nchi inayouza chakula kila stesheni, aibu ya kuonekana na shati lile lile siku mbili. Ndiyo maana kusafiri na mzigo mwepesi nakuita ufundi, na ndiyo maana naupenda ufundi huu. Haununuliwi dukani. Begi la bei kubwa likijazwa na mtu asiyeijua njia linabaki kuwa begi zito.

Wanyamwezi waliijua njia hii kuliko wote. Wengi wao walikuwa wapagazi wa kazi, waliopatana ujira na kuhesabiwa mabingwa wa safari, na juu ya mzigo wa tajiri kila mmoja aliongeza vyake. Vyake hivyo ndivyo vinavyonivutia: cha kulalia, kibuyu cha maji, chombo cha kupikia. Mtu ambaye tayari ana kilo 30 begani hachukui kitu cha pambo. Lakini siwezi kuitaja njia ya Ujiji na Bagamoyo kwa sifa tupu. Ilipitisha pia watumwa waliofungwa minyororo, na pembe za ndovu zilizobebwa na watu ambao hawakuulizwa kama wanataka kubeba. Kuchagua uzito wa mzigo wako mwenyewe ni uhuru, na katika njia hii watu wengi mno hawakuupata.

Sasa joto. Jasho huupoza mwili pale tu linapokauka. Pwani, hewa imeshiba unyevu, jasho linatiririka hadi kwenye viatu na mwili haupoi. Dodoma, juu kwenye mita 1,100 hivi, hewa kavu hulinyonya kabla hujaliona. Sasa weka begi mgongoni. Kwanza kila kilo inaulazimisha mwili ufanye kazi zaidi, na kazi huzalisha joto. Pili begi lenyewe linafunika mgongo mzima, ngozi pana ambayo ingepitisha upepo. Begi kubwa linaumiza mara mbili. Kwa sababu hiyo mzigo ambao mtu anaubeba bila shida asubuhi Iringa humlemea vibaya Bagamoyo saa nane mchana, ingawa haujaongezeka hata gramu moja. Nchi ya joto ina fadhila yake pia: inakuondolea makoti, mablanketi na mabuti, vitu vinavyomlemea msafiri wa nchi za baridi. Ni makosa kuipokea fadhila hiyo kisha kuijaza nafasi iliyobaki kwa mashati.

Moyo wa ufundi huu ni kufua kila usiku. Nguo ni jozi mbili, moja mwilini, moja kambani, basi. Kila kitu kingine kinategemea hapo, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa, maana kufua wanajua ila kukausha hawajui. Kukamua kwa mikono hakutoshi. Tandika kanga kavu kitandani, laza shati lililokamuliwa juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha zungusha na ubane kwa nguvu, hata kwa goti. Maji yaliyobaki kwenye shati yanahamia kwenye kanga, na kanga, kwa wembamba wake, itakauka yenyewe bila kukusumbua. Halafu tundika shati chini ya feni, mbali na ukuta, vifungo vikiwa wazi ili hewa ipite katikati. Kwa njia hii shati la pamba nyepesi linakauka Bagamoyo kabla ya alfajiri hata hewa ikiwa nzito. Dodoma huhitaji ujuzi wote huo; unafua, unatundika, unakunywa chai, unavaa. Suruali ya jinzi haina nafasi katika hesabu hii. Ni nzito ikiwa kavu, nzito zaidi ikiloa, na pwani wakati wa masika inaweza kukaa kambani siku mbili na mishono bado ni mibichi. Na nguo mbichi usiifungie begini hata kwa saa chache, itavunda na kuambukiza harufu kila iliyo jirani yake.

Kanga nimeitaja kwa kukamulia tu, nayo inastahili zaidi. Huuzwa kwa doti, na mimi huchukua doti nzima: moja ya mwili, moja ya kazi. Ya mwili ni shuka, ni nguo ya kutokea bafuni, ni kivuli cha kichwa na shingo juani. Ya kazi ni taulo, pazia la dirisha lisilo na pazia, na kifuko cha kununulia nyanya. Taulo nene la kuogea likilinganishwa nayo ni mzigo wa bure. Wanaume wanaoona haya kubeba kanga wana kikoi, nacho kinafanya karibu yote. Kwa usiku wa Julai Dodoma, upepo unapovuma baridi, ongeza shuka moja ya Kimasai.

Maji hayapunguzwi. Lita moja ni kilo moja, leo kama enzi za kibuyu, na anayetembea juani na mzigo anaweza kutoka jasho la zaidi ya lita moja kwa saa. Uzito tuliouondoa kwingine tumeuondoa ili tuweze kubeba huu. Pamoja nayo weka sukari na chumvi kidogo katika karatasi. Vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi, vimewasaidia wengi walioishiwa maji mwilini kwa kuhara. Chandarua na dawa zako pia haviguswi. Kuna wanaojisifu kwamba wanasafiri mikono mitupu, kumbe wakifika wanaazima taulo kwa mwenyeji, sabuni kwa jirani, na chaja kwa kila mtu. Huo si wepesi. Ni kumbebesha mwingine, na njia hii imeshaona ya kutosha ya hayo.

Iliyo ngumu kuliko zote kwetu ni zawadi. Hakuna kitabu cha wageni cha kufunga mizigo kitakachokusaidia hapa, kwa sababu kwao mtu hasafiri na mfuko wa mchele wa shangazi. Kwetu, tangazo la safari ni mwaliko wa vifurushi: naomba umpelekee mama, ni kidogo tu, hakina uzito. Haba na haba, na kibaba kinajaa. Siamini kwamba dawa ni kukataa. Undugu wetu umesafiri katika vifurushi hivyo miaka mingi, na kufika mikono mitupu kwa watu wanaokungoja ni utovu wa adabu. Dawa ni kununua zawadi karibu na mwisho wa safari. Tabora kuna asali inayosifika nchi nzima. Inunue hapo, si Dar es Salaam, na itakaa mgongoni mwako hatua ya mwisho tu ya kwenda Kigoma. Ukigeuza safari, dagaa na mawese ya Kigoma yatakuwa mzigo wa kurudia, wakati ambapo safari ya miguu imekwisha na behewa ndilo linalobeba. Kifurushi cha shangazi kipokee kwa mikono miwili, kisha mweleze kwa upole kwamba kitatangulia kwa basi. Mabasi yetu yanabeba vifurushi kila siku, na shangazi atapigiwa simu kikifika.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kuelekea bara msimu wa kiangazi, funga begi lako siku tatu kabla. Usilipime kwa mizani tu. Livae saa nane mchana, jua likiwa kali, utembee nalo mtaani kwa saa nzima pamoja na maji yako yote. Rudi ndani ukiwa bado umelowa jasho, limwage lote kitandani na uanze kutoa. Kesho yake rudia, kisha nenda kakate tiketi.