Uhakiki wa Kipimo cha Upatanifu wa Vielelezo vya Michakato: Mfano wa Ugavi wa Miwa Ruhembe

Upatanifu wa vielelezo vya michakato ya biashara umezoeleka kupimwa kwa swali moja: je, pande mbili zinazowasiliana zinaweza kufika mwisho bila kukwama? Msingi wa swali hilo ni nadharia ya mitandao iliyoasisiwa na Carl Adam Petri katika tasnifu yake ya mwaka 1962, ambayo baadaye Wil van der Aalst aliitumia kuchanganua mtiririko wa kazi. Uhakiki huu unakubali manufaa ya kipimo hicho, ila unadai kuwa hakitoshi pale ambapo bidhaa huharibika wakati ikisubiri.

Ruhembe, wilayani Kilosa, inadhihirisha hoja hiyo. Wakulima wa nje wa eneo hilo huiuzia miwa Kampuni ya Sukari Kilombero. Malipo yao hutegemea uzito wa miwa na kiwango cha sukari iliyomo, na miwa iliyochomwa na kukatwa hupoteza sukari kadiri inavyokaa.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kufikirika, kwamba kielelezo cha chama cha wakulima kinasubiri zamu ya mapokezi kabla ya kuchoma shamba, ilhali cha kiwanda kinasubiri taarifa ya miwa iliyokatwa kabla ya kutoa zamu. Kila kimoja, kikikaguliwa peke yake, ni timilifu. Vikiunganishwa, vinangojana bila kikomo. Kipimo cha kawaida hufichua kasoro hiyo, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Hata hivyo, kuondoa mkwamo si kuleta upatanifu. Kwanza, kiwanda huhesabu shehena inayopita kwenye mizani. Chama huhesabu mkulima. Lori likibeba miwa ya wakulima wawili, ujumbe wa mapokezi utafika salama bila kueleza sukari ni ya nani. Pili, katika mtandao usio na saa, kungoja siku moja na kungoja siku nne ni hali ileile. Kwa mkulima ni malipo mawili tofauti.

Mitandao yenye muda na data imekwishabuniwa. Upungufu uko katika kipimo kinachoviacha nje. Kwa hiyo, upatanifu udai pia kwamba kila ujumbe umtambulishe mwenye mali, na kila subira iwe na ukomo na mbeba hasara aliyetajwa. Pasipo hayo, vielelezo vitahukumiwa kuwa vinapatana, huku mkulima akilipia tofauti iliyobaki kati yao.