Zimwi Lililofutwa Ubaoni

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, nilikwenda kumkagua mwanachuo mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha darasa la pili. Kabla ya kusimulia hadithi yake alichora ubaoni zimwi kubwa kwa chaki za rangi. Nilimwamuru alifute. Nilimwambia kwamba watoto wataitazama picha na hawataisikia hadithi. Siku zote niliamini usemi wa wahenga: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Imani hiyo nilikuwa nayo bado mjukuu wangu aliponikalisha mbele ya katuni ziitwazo Tinga Tinga Tales. Zilianza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, zina sehemu 52, na kazi ya kuzichora ilifanyika Nairobi. Lakini mtindo wake ulizaliwa huku kwetu. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeishi Msasani, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972, na jamaa zake na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi.

Nilitazama nikikitafuta hicho kipande cha mti. Mnyama wa Tingatinga hujaza ubao mzima, amekodoa jicho, madoa yamepangwa mwilini kama kanga. Ametulia, na hadithi yake huitunga mtazamaji mwenyewe. Je, akitembezwa na kutiwa maneno kinywani, si atabaki pambo tu? Nakiri kwamba sivyo. Kila sehemu ina swali lake: kwa nini ndovu ana mkonga, kwa nini gamba la kobe limevunjika. Kwa hiyo umbo ni alama iliyoachwa na tendo. Ukiliondoa umbo, hadithi haina pa kuishia.

Kasoro niliiona mahali pengine. Katika sehemu nilizotazama hamna zimwi. Wanyama hugombana na kupatana, na mtoto haogopi hata mara moja. Bibi zetu hawakusimulia hivyo, wala George Lilanga hakuogopa kuchora mashetani kwa rangi zinazong'aa.

Nilidhani labda rangi nyingi haziwezi kubeba hofu. Ndipo kaka yake mkubwa aliponiwekea katuni ya Kijapani, Mononoke, ya mwaka 2007. Marembo yamejaa kila pembe, mfano wa picha zao za kale zilizochapwa kwa mbao. Muuza dawa mmoja anapambana na pepo, lakini upanga wake hautoki alani mpaka ajue mambo matatu: umbo la pepo, ukweli wa yaliyotokea, na sababu yake. Niliogopa, mzee mzima. Umbo ndilo lililonitia hofu, na hofu ikanifanya nitake kujua sababu.

Yule mwanachuo alilijua jambo hili kabla yangu. Alilifuta zimwi kwa utii, akasimulia vizuri, nami nikampa alama nzuri. Lakini nakumbuka kwamba watoto waliendelea kulitazama lile vumbi la chaki ubaoni mpaka kengele ilipolia.