Sifa Bila Maradhi: Uhakiki wa Wasifu wa Marehemu Mmoja wa Nakivale

Makala haya yanahakiki matini fupi: wasifu wa mama mmoja Mkongomani, uliosomwa na mumewe matangani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda. Jina la marehemu silitaji, na mumewe ameridhia nitumie maneno yake kwa sharti hilo. Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuupita utanzu huu njiani tuendapo kwenye tenzi na riwaya. Nadhani tumekosea, na kosa hilo lina gharama nje ya fasihi.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipofika Watutsi kutoka Rwanda. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili ni lugha mojawapo kuu inayowakutanisha sokoni, kanisani na msibani. Wasifu wa marehemu ni mahali pachache ambapo mtu wa kawaida huko huandika Kiswahili kirefu cha kusomwa mbele ya umati.

Wasifu ninaouhakiki una kurasa mbili za daftari. Karibu zote ni sifa, na kivuli cha mke mwema wa Mithali 31 kinaonekana wazi: aliamka kabla ya mapambazuko, alilima, aliuza unga, alilea watoto wake pamoja na wa dada yake waliobaki yatima njiani. Sentensi ni za Kiswahili sanifu cha Biblia, zimepimwa, hazina kosa. Ugonjwa umepewa sentensi mbili tu. Tunaambiwa kwamba mama aliugua kwa muda mrefu, na kwamba aliyavumilia maumivu bila kulalamika. Kwa dada wa marehemu ndiko nilikojua kuwa ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Uganda.

Isidhaniwe kwamba ukimya huu ndio desturi yetu ya kale. Mwana Kupona binti Msham, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, alianza na mwili wake mwenyewe. Anamwita binti aketi karibu na wino na karatasi, na anaeleza kwamba maradhi yamemkaa mwaka mzima. Wasomaji wengi, wa kumsifu na wa kumlaumu, wameukimbilia upande wa utiifu kwa mume na kuusahau mlango huo. Lakini bila ugonjwa hakuna utenzi: mama anasema kwa sababu anajua muda ni mfupi, na kabla ya kumaliza anamwomba Mungu afya bila haya yoyote. Shaaban Robert naye alimlilia mkewe Amina katika shairi linalojulikana kila shule, kwa taswira ya ua. Ni shairi zuri, nami sitalishusha thamani. Hata hivyo ua halina tumbo wala homa, na nashuku kwamba wasifu wetu wa leo, bila kukusudia, umerithi ua ukaacha wino wa Mwana Kupona.

Sentensi ya uvumilivu ndiyo inayonisumbua zaidi. Kama sifa, imekaa vizuri: ni fupi, ina uzito, na waombolezaji waliitikia kwa kuguna. Lakini tuisome pamoja na historia ya mahali. Shirika la Hospice Africa Uganda, lililoasisiwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, lilifungua tawi lake la Mbarara mwaka 1998, na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Ni dawa ya maji, hunywewa nyumbani. Uganda ilizitangulia nchi nyingine za Afrika katika hili. Kwa hiyo maumivu yale hayakuwa lazima yawe kipimo cha wema wake. Tunapomsifu mke kwa kutolalamika, tunawafundisha wanawake waliokaa mkekani wakisikiliza kwamba kuomba dawa ni upungufu wa adabu.

Kuna matini ya pili, isiyo kwenye daftari. Mume alipofika mwisho aliikunja karatasi akaendelea kusema, na Kiswahili chake kikabadilika papo hapo: watoto wakawa *batoto*, vitu vikawa *bintu*, kikawa Kiswahili cha Kivu. Hapo ndipo maradhi yalipoingia. Alisimulia safari za Mbarara, nauli iliyokopwa, siku walizoambiwa warudi wiki ijayo. Alitaja kwamba hospitalini, ambayo sina haja ya kuitambulisha, watumishi walisema Kiingereza na Kirunyankore, na bintiye wa miaka 14, anayesoma shule ya Uganda, ndiye aliyekuwa ulimi wa mama yake. Akapita upesi. Mimi sikuweza kupita. Mtoto huyo ndiye aliyelisikia jina la ugonjwa kwanza, naye ndiye aliyepaswa kumwambia mama. Dada wa marehemu anasema alitafsiri kuwa ni kidonda.

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Makongamano yetu yameyashangilia maamuzi hayo, na mimi nimeshangilia pia. Ila mgonjwa wa Nakivale hakihitaji Kiswahili darasani kwanza. Anakihitaji kwenye meza ya daktari Mbarara, kinywani mwa mkalimani mtu mzima anayelipwa, na kwenye karatasi ya rufaa ya kwenda Kampala, umbali wa kilomita zipatazo 270, ambako mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika na mpya haikuzinduliwa hadi 2018. Chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hii imo katika mpango wa taifa tangu 2015 kwa wasichana wa miaka 10. Binti wa marehemu ana wadogo zake wawili wa kike. Matangani palikuwa na akina mama zaidi ya sitini, umati ambao mhudumu wa afya asingeupata kwa tangazo lolote, na neno halikutamkwa.

Nilimsomea mume rasimu ya makala haya. Hakukasirika. Aliuliza tu ni neno gani angeandika, saratani au kansa, maana la kwanza mama zake wasingelielewa. Nilimjibu: kansa.