Swali la Pili

“Bibi, enzi za ujana wako ulikuwa ukifanya kazi gani?”

“Kazi? Sikuwa na kazi mimi, mwanangu. Nilikuwa nyumbani tu.”

Mwanafunzi asiyejua anachokitafuta huandika daftarini: hakuwa na kazi. Anayejua hunyamaza kidogo, akapokea kikombe cha chai, kisha akauliza jambo jingine kabisa: “Na alfajiri ukishaamka, ulianza na nini?” Hapo ndipo unapotoka mchele uliolowekwa tangu jana usiku, na kinu, na nazi za kukuna, na kikaango cha vitumbua, na wateja waliopita kabla jua halijachomoza, na fedha zilizofungwa kwenye pindo la kanga mpaka zikatimia ada ya watoto. Bibi huyu ameilisha nyumba miaka na miaka. Wala hakusema uongo. Masikioni mwake neno “kazi” lilikuwa la mume aliyepokea mshahara.

Swali hilo la pili ndilo ninalolistahi. Nimesoma tasnifu nyingi za shahada ya kwanza katika masomo ya wanawake na jinsia, na kila ninapokuta iliyofanywa vizuri, huona kwamba ubora wake ulianzia hapo: kijana wa miaka ishirini na mmoja alitambua kwamba swali lake la kwanza lilikuwa bovu, akalibadili bila kumlaumu aliyejibu.

Masomo haya yana umri mdogo. Chuo cha San Diego State, huko Marekani, kilianzisha programu yake mwaka 1970. Leo katika vyuo vingi vya nchi hiyo mwanafunzi mwenye alama nzuri huweza kuandika tasnifu ya heshima: hutafuta msimamizi, huomba kibali cha bodi ya maadili ya utafiti pale kinapohitajika, hulifuata swali moja kwa miezi mingi, kisha huitetea kazi yake mbele ya walimu. Hayo ni masharti tu, na kila fundi ana masharti yake. Ufundi wenyewe uko mkekani, karibu na mtu anayezungumza.

Kwa anayetaka kuuona ufundi huo ulivyo, sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati, maana baadhi ya kazi zake bora zilifanywa kwa lugha yetu. Margaret Strobel, aliyefundisha masomo ya wanawake huko Chicago, na mwenzake Sarah Mirza walikusanya hadithi za maisha za wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Watatu hao wanazungumza juu ya harusi, ngoma, watoto, utumwa na uungwana, kila mmoja kutoka pale aliposimama. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989. Miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiswahili. Kwangu mimi toleo hilo la pili ndilo linaloonyesha adabu ya kazi hii: maneno yalirudishwa yalikotoka.

Susan Geiger naye alipata shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1972, kisha akafundisha masomo ya wanawake Minnesota. Mwaka 1984 aliketi na Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza wanawake wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Wakati ule habari za TANU zilisimuliwa zaidi kama habari za vijana wa kiume waliosoma. Geiger akataka kujua wanawake waliingiaje. Majibu yakampeleka kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kikiwamo Bomba, alichokuwa akiimbia Bibi Titi kabla ya siasa. Mle walikuwamo wanawake wa makabila mbalimbali, wengi wao Waislamu wenye elimu ndogo ya shule, wauza maandazi na wapika pombe, waliokwisha kuzoea kukutana, kuchangishana na kupelekeana habari kwa Kiswahili. Mwaka 1955 TANU ilipowahitaji wanawake, mtandao ulikuwapo tayari. Geiger akahitimisha, katika kitabu chake cha mwaka 1997, kwamba wanawake wale hawakufundishwa utaifa na wasomi, walikuwa wakiuishi. Hitimisho la namna hiyo halipatikani katika faili za serikali. Hupatikana kwa kumwacha mtu aeleze ngoma yake mpaka mwisho, hata kama ulikwenda kuuliza habari za chama.

Baada ya mazungumzo huja kazi ya kunakili, na hapa subira hupimwa kwelikweli. Saa moja ya sauti hula saa nne au tano, hata sita. Jogoo anawika, mjukuu anadakia, adhana inapita juu ya neno ulilolitaka kuliko yote. Mwanafunzi hurudisha nyuma, husikiliza, hurudisha tena. Kimya nacho hukiandika. Kisha analazimika kukisikiliza Kiswahili chenyewe kama anayekisikia mara ya kwanza. “Alikuja mtu wa chama, akalala kwetu.” Mtu gani, mwanamume au mwanamke? Lugha yetu haisemi. Anayeandika tasnifu yake kwa Kiingereza hufika mahali akatakiwa kuchagua, na asiyekuwa mwangalifu humfanya mwanamume. Mwangalifu hurudi kwa bibi na swali dogo: “Na mtu huyo alikuwa nani?”

Halafu kuna vitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Hayo tunayasema bila kuwaza. Lakini bibi mmoja akisema “niliachwa”, wa pili “niliachika”, wa tatu “nilidai talaka yangu”, hizo ni ndoa tatu zilizovunjika kwa njia tatu. Nimeona tasnifu iliyozikusanya zote chini ya neno moja la Kiingereza, na nilihuzunika, maana utafiti wote ulikuwa umelala ndani ya vitenzi hivyo.

Gumu kuliko yote ni pale bibi anaposema: “Zima hiyo mashine.” Mwanafunzi huizima. Anachoambiwa baada ya hapo pengine ndicho kingeipa tasnifu alama ya juu kabisa, naye hakiandiki, wala hakipenyezi kwa kubadili jina la mtaa. Fomu ya ridhaa haiwezi kumfundisha mtu jambo hilo. Hujifunza kwa kumtazama usoni yule aliyemwamini.

Nyingi kati ya tasnifu hizi huishia kwenye kabati la idara, zikasomwa na watu watatu. Nalisikitikia hilo, kwa sababu mle ndani mna mitaa yetu, masoko yetu na mama zetu, kwa maneno waliyoyasema wenyewe.

Kwa hiyo siku akibisha hodi mwanafunzi mwenye kinasa sauti na daftari, akasema amekuja kuzungumza na bibi, mtandikieni mkeka. Na mwacheni bibi ajibu mwenyewe, msimjibie.